Christy Ring na Nishani ya Tisa

Katika kisiwa cha Ayalandi kuna mchezo wa kale uitwao halingi. Mtu aliyezoea mpira wa magongo tunaoucheza hapa kwetu, akiutazama halingi kwa mara ya kwanza, hudhani ni ule ule. Lakini haipiti dakika moja ila hushika roho. Gongo lake lina bapa pana mwishoni, mfano wa kafi ndogo. Mpira ni wa ngozi, mgumu, wa kutosha kiganjani, nao hupigwa ukiwa chini au ukiwa hewani juu ya vichwa vya watu, hudakwa kwa mkono, na mchezaji stadi huweza kuuchukua juu ya bapa huku akikimbia mbio. Kila upande una watu 15. Mpira ukiingia chini ya mwamba wa goli ni bao, na bao moja ni sawa na pointi 3. Ukipita juu ya mwamba, kati ya miimo miwili, ni pointi 1. Katika siku tutakazozieleza hapa, wachezaji waliingia uwanjani bila ya kofia ngumu za kukinga vichwa.

Mchezo huu hautaeleweka kwa kanuni zake peke yake. Mwaka 1884, Ayalandi ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, watu wachache walikutana katika mji wa Thurles wakaunda Chama cha Michezo cha Kigaeli, ili michezo ya wazee wao isife na kumezwa na ile ya watawala. Sisi tuliotawaliwa na bendera ile ile hatuhitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Chama kilikataza wanachama wake kucheza kandanda, raga, kriketi na mpira wa magongo, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1971. Wachezaji hawakulipwa mshahara. Kila mtu alichezea parokia yake, na aliyekuwa hodari zaidi alichaguliwa kuichezea wilaya yake. Heshima kubwa kupita zote ilikuwa kushinda fainali ya Ayalandi yote katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, na kupewa nishani ndogo.

Uwanja huo wenyewe ulikwisha kumwagwa damu. Tarehe 21 Novemba 1920, katika vita vya kudai uhuru, majeshi ya serikali yaliingia Croke Park wakati wa mchezo yakawapiga watu risasi. Wakafa watu 14, na mmoja wao alikuwa mchezaji. Wakati huo, katika wilaya ya Cork upande wa kusini, karibu na kijiji cha Cloyne, palikuwa na mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwezi mmoja. Jina lake Christy Ring, naye alizaliwa tarehe 30 Oktoba mwaka ule ule.

Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Aliacha shule mapema, kama walivyofanya watoto wengi wa maskini wa nchi ile, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alipata riziki kwa kuendesha malori. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori la mafuta. Msomaji na alikumbuke hilo lori. Mtu huyu alishangiliwa na maelfu siku ya Jumapili, na siku za kazi alikuwa barabarani akipeleka mafuta kama dereva mwingine yeyote. Mwaka 1941 alijiunga na klabu ya Glen Rovers ya mjini Cork, akaichezea kwa zaidi ya miaka 25.

Mwaka huo huo wa 1941 alipata nishani yake ya kwanza ya Ayalandi yote, na hapa mwandishi wa historia hana budi kusema kweli hata kama inapunguza utamu wa hadithi. Mwaka ule ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, maradhi ambayo wafugaji wetu wanayajua vizuri mno, na kwa kuogopa yasienee, timu hodari za Tipperary na Kilkenny zilizuiwa. Cork ikateuliwa kuwakilisha jimbo la Munster, ikaishinda Dublin kwa urahisi na kutwaa ubingwa. Baadaye, mashindano ya Munster yalipomaliziwa, Tipperary iliwashinda mabingwa hao! Kwa hiyo nishani ya kwanza ya Ring ilikuwa na ufa. Nadhani zile zilizofuata ziliuziba. Cork ilishinda tena mwaka 1942, 1943 na 1944, mara nne mfululizo, jambo ambalo hakuna wilaya iliyokuwa imelifanya katika halingi.

Mwaka 1946 Ring alikuwa nahodha katika fainali dhidi ya Kilkenny. Karibu na mapumziko aliupata mpira mbali sana na goli, akauweka juu ya bapa la gongo lake, akaondoka nao. Mmoja akamjia, akampita; wa pili akamjia, akampita; hakusimama mpaka alipoutia golini. Cork ilishinda kwa mabao 7 na pointi 5 dhidi ya mabao 3 na pointi 8. Miaka iliyofuata ilikuwa ya Kilkenny, Waterford na hasa Tipperary, lakini Cork ikarudi kileleni mwaka 1952, 1953 na 1954, na katika miaka hiyo miwili ya mwisho Ring alikuwa nahodha tena. Fainali ya 1954 ilitazamwa na watu 84,856, idadi ambayo haijapata kuzidiwa katika halingi. Siku hiyo alipokea nishani yake ya nane. Hapakuwa na mtu kabla yake aliyefikisha nane kwa kucheza uwanjani.

Ikabaki ya tisa.

Mwaka 1956 Ring alikuwa na umri wa miaka 35, umri ambao wenzake wengi walikwisha kutundika magongo yao. Katika fainali ya jimbo la Munster, Cork ilikuwa ikishindwa na Limerick, na watu walikwisha anza kusema kwamba mzee amechoka. Ndipo karibu na mwisho alipofunga mabao matatu ndani ya dakika chache, na mambo yakageuka. Fainali ya Ayalandi yote iliahirishwa mpaka tarehe 23 Septemba kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza watoto ulioingia mjini Cork. Wapinzani walikuwa Wexford, mabingwa wa mwaka uliotangulia, watu warefu wenye nguvu, na miongoni mwao ndugu wa ukoo wa Rackard.

Zikabaki kama dakika tatu, Wexford ikiwa mbele kwa pointi 2 tu. Bao moja lingetosha. Ring akaupata mpira, akawakwepa walinzi, akapiga kwa nguvu zake zote. Mlinda mlango wa Wexford, Art Foley, mtu mdogo wa umbo, akauzuia. Mpira ukaondolewa haraka, ukasafiri mpaka upande wa pili wa uwanja, na Nicky Rackard akaufunga golini kwa Cork. Katika muda wa kuvuta pumzi mara chache, nishani ya tisa ilikuwa karibu mkononi, kisha haikuwapo tena. Husimuliwa kwamba Ring alimwendea Foley akampa mkono, mchezo ukiwa bado haujaisha. Mwisho ulikuwa mabao 2 na pointi 14 kwa Wexford, na mabao 2 na pointi 8 kwa Cork.

Kipenga kilipolia, Wexford walikuwa na haki ya kukimbilia watu wao na kombe lao. Lakini walinzi wao wawili, Nick O'Donnell na Bobby Rackard, waliokuwa wametoka kumzuia Ring saa nzima, walimwendea, wakamwinua mabegani, wakamtoa uwanjani amebebwa. Umati wa watu zaidi ya 80,000 ukaona mshindwa amepanda mabega ya washindi. Mimi nimesoma habari nyingi za mabingwa, na katika nyingi yule aliyeshindwa hutoka kwa mlango wa nyuma. Katika mchezo usio na ujira, Rackard na O'Donnell walimlipa Ring kwa kitu pekee walichokuwa nacho siku ile.

Hakufika tena fainali ya Ayalandi yote. Aliendelea kuichezea Cork mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika Kombe la Reli, ambalo majimbo manne yalishindania, alikuwa na Munster waliposhinda mwaka 1963, nishani yake ya 18 ya mashindano hayo. John Doyle wa Tipperary alimfikia kwa nishani nane za Ayalandi yote mwaka 1965. Mwaka uliofuata Cork ikatwaa ubingwa bila yeye. Nishani ya tisa kwa kucheza uwanjani ilikuja kupatikana mwaka 2012 na mtu mwingine, Henry Shefflin wa Kilkenny, naye akaongeza ya kumi mwaka 2014. Ring alirudi Croke Park akiwa mmoja wa wateuzi wa timu ya Cork iliyoshinda mara tatu mfululizo, mwaka 1976, 1977 na 1978.

Alifariki ghafula tarehe 2 Machi 1979, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa kijijini Cloyne. Aliyesimama kaburini kumwaga marehemu alikuwa Jack Lynch, Waziri Mkuu wa nchi. Lakini Lynch hakusema kama mtawala peke yake, kwani mwaka 1941, na miaka iliyofuata, yeye na yule dereva wa lori walikuwa wamevaa fulana nyekundu za Cork katika timu moja.