Istilahi Huundwa, Istilahi Hutunzwa

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, tumezoea kusifu kuundwa kwa istilahi na kusahau utunzaji wake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Lakini programu ya namna hiyo haitulii. Kila toleo huongeza amri na kufuta nyingine; na mwaka 2010 LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice. Maelezo yasiyopitiwa upya humwelekeza msomaji kwenye amri zisizokuwapo tena.

Tumfikirie mwalimu wa Masakta, wilayani Hanang, ambako Kiiraqw husikika majumbani. Akikuta “kompyuta” ukurasa huu na “tarakilishi” ukurasa ufuatao, wanafunzi wake watadhani ni vitu viwili.

Kwa hiyo, anayesafisha orodha ya istilahi asifute tu. Hana budi kuonyesha neno lililochaguliwa, neno lililoachwa, sababu yake na mwaka wa badiliko. Tusipofanya hivyo, watakaotufuata wataanza upya kazi tuliyokwisha kuifanya.