Bip mbili kutoka Kigongo

Kila nikisema nimekulia Usagara, hakosekani msomi mmoja wa kunirukia: "Aaah, kule kwa Karl Peters!" Hapana ndugu yangu, umepotea njia. Usagara ambako yule Mjerumani alizunguka mwaka 1884 akiwawekea machifu mikataba ya ulaghai iko mbali kabisa na kwetu, huko kati ya Morogoro na Mpwapwa. Yetu haimo kwenye vitabu vya historia vya kidato cha tatu. Yetu ni njia panda. Unatoka Mwanza mjini, unapita Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, unaingia wilaya ya Misungwi, na hapo barabara inagawanyika. Ukinyoosha unakwenda Shinyanga, na ukiwa na moyo unafika Dar. Ukikata kulia unakwenda Kigongo, unakutana na maji, na ng'ambo ya maji ni Busisi, Sengerema, Geita.

Basi leo nataka kuandika historia ya kwetu. Sina watemi wala vita vya kusimulia. Nataka kuandika jinsi watu wa upande huu wa ziwa walivyokuwa wakijua kwamba mtu wao amefika salama. Usicheke. Nikimaliza utaona kwamba ni historia kama nyingine.

Nianze na nyumbani. Baba alikuwa mchuuzi wa mpunga. Jumatatu anakwenda Geita, Ijumaa anarudi, na katikati ya Geita na sisi kuna maji. Simu ya kwanza iliingia nyumbani mwaka 2005, nikiwa na miaka saba: Nokia ya tochi kwa baba, na Nokia 3310 ya mtumba kwa mama. Hiyo ya mama ilitundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, maana hapo tu ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Ukiitoa dirishani imekufa, inabaki saa na ule mchezo wa nyoka.

Vocha ilikuwa ghali, kwa hiyo mzee akatunga sheria. Bip moja: nimefika Busisi, nasubiri kivuko. Bip mbili: nimevuka, niko Kigongo, mama nanihii bandika ugali. Ole wako upokee! Mimi niliwahi kupokea mara moja, kwa kiherehere tu cha kusema "haloo" kama watu wa kwenye luninga. Salio la mzee likaliwa pale pale. Fimbo niliyokula jioni ile naikumbuka kuliko mtihani wowote niliofanya chuo kikuu.

Watoto wa siku hizi wenye bando la wiki hawawezi kuelewa kwamba kulikuwa na lugha nzima isiyokuwa na neno hata moja. Tulikuwa tunakaa kimya tukihesabu. Simu ikilia mara moja ikakata, mama anasema "Busisi". Ikilia mara mbili, anainuka kwenda jikoni. Kati ya bip ya kwanza na ya pili inaweza kupita nusu saa, inaweza kupita saa tatu, kutegemea foleni ya malori. Nyumba nzima ilikuwa inaishi ndani ya muda huo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kusubiri habari hakukuanza na Nokia.

Agosti 3, 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kilima hapa Mwanza, akatazama maji yasiyo na ng'ambo, akaamini moyoni kwamba ameona chanzo cha Nile. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa amebaki Tabora, mgonjwa. Ikabidi Speke arudi kwa miguu wiki kadhaa kumpelekea habari, na alipofika Burton hakumwamini! Mei 1859 Speke akamtangulia London na kuimwaga habari yake kwa wakubwa wa Jumuiya ya Kijiografia kabla mwenzake hajafika. Kwa lugha ya chumba chetu cha habari, hiyo ni skupu, na imetoka Mwanza. Ziwa likabaki na jina la Malkia. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa naye safarini, jina lake walau limebaki vitabuni. Wapagazi waliobeba mizigo wakawa "wapagazi", basi. Nyumbani kwao nani alipelekewa habari kwamba wamefika? Shika swali hilo, nitalirudia.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na pamoja na pamba ikaanza kupita barua. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa Redio Tanzania. Babu yangu alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka haendi dukani, anazianika juani juu ya jiwe. Mawe tunayo mengi, si ndiyo maana wanatuita Rock City? Zikishapata joto zinazungumza tena, taarifa ya habari moja na vifo na salamu. Miaka ya 1990 sheria ilipofungua milango kwa redio za watu binafsi, Mwanza nayo ikawa na Radio Free Africa, na baadaye Star TV. Nakwambia, hicho ndicho kiburi chetu kikubwa. Miaka yote habari zilikuwa zinatoka Dar kuja kwetu, na sasa mtu wa Dar anafungua redio anasikia sauti inatoka kwetu.

Haya, turudi kwenye msumari wa dirishani.

Ijumaa moja mwaka 2006 ilikuja bip moja. Busisi. Tukasubiri ya pili. Saa mbili usiku, saa tatu, saa nne. Mama akatulisha, yeye hakula. Saa tano akachukua kanga akatoka kwenda kusimama barabarani, kama vile kusimama kwake kungeisogeza gari. Nilimfuata. Alikuwa analia bila sauti, na mimi mtoto nikashangaa: mtu amechelewa tu, msiba wa nini?

Baba alifika asubuhi akiwa na sato wawili kwenye waya, anacheka. Betri ya simu ilikuwa imekwisha. Foleni ilikuwa ndefu, amevuka usiku sana, gari za kuja Usagara hakuna, akalala ndani ya lori pale Kigongo. Mama hakumjibu salamu. Aliwapokea sato, akawaparua, akawakaanga, akampakulia. Hakusema neno mpaka Jumapili. Jumatatu baba alipokuwa anafunga mzigo, alikuta betri ya pili mfukoni mwa koti lake. Mama alikuwa ameinunua kwa hela ya michembe.

Mwaka huo ndipo dada yangu mkubwa aliponisimulia habari za mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa anafanya kazi Bukoba. Mei 1996 ilikuja barua yake: nitakuja na meli, wiki hii au ijayo, nikipata ruhusa. Barua yenyewe ni hiyo tu, haina siku. Asubuhi ya Mei 21, 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imeondoka Bukoba jioni ya jana yake na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa inakaribia kumaliza safari ya Mwanza. Meli ilielea juu chini kwa muda na watu walisikika wakigonga kwa ndani. Ikatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, ikazama. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800.

Lakini sikiliza hili. Madaraja ya kwanza na ya pili yalikuwa na orodha ya abiria: watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Na mjomba wangu, kwa mshahara wake, angepanda daraja gani zaidi ya hilo?

Kwa hiyo nyumbani walikuwa na redio na walikuwa na habari. Walijua saa, walijua mahali, walijua Rais amesema nini. Kitu kimoja tu hawakujua: je, alikuwemo? Barua inasema wiki hii au ijayo. Mama akakaa na redio ya babu akisubiri jina ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika popote. Wiki ile ikapita. Wiki iliyofuata nayo ikapita, na mama bado anasema labda hakupata ruhusa. Juni ndipo alipokuja mtu kutoka Bukoba aliyemsindikiza gatini na kumwona akipanda.

Waliopatikana na hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Mama huenda pale kila Mei 21. Hajui kama anasimama juu ya mjomba au juu ya ndugu wa mtu mwingine. Anasema haidhuru, naye kuna mtu anamwombea wa kwake.

Sasa nadhani unaelewa ile kanga barabarani. Sheria ya bip sikuwa nimeielewa. Nilidhani baba aliitunga kwa ubahili. Kumbe mama ndiye aliyeiomba, siku ile ile simu zilipoingia nyumbani.

Halafu ukaja 2018. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri chuo. Alhamisi ya Septemba 20 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, siku ya gulio la Bugolora. Kiliandikishwa kubeba watu 101. Waliokufa walipita 220. Safari hii hatukusubiri taarifa ya habari. Picha zilikuwa kwenye WhatsApp mapema, kila mtu ana simu, kila mtu ni mwandishi. Ila lilipokuja swali walikuwemo wangapi, na kina nani, tukarudi pale pale pa 1996. Mama aliitazama simu yangu kidogo, akanirudishia. "Majina yako wapi?" Hilo tu ndilo aliloniuliza.

Novemba nikaingia chuo Dar. Wiki ile ile BASATA ikaufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond uitwao "Mwanza". Bwenini wakishajua natokea Mwanza, basi ni kicheko na Nyegezi, Nyegezi na kicheko. Nami nilicheka, sikatai, ujana huo. Lakini miezi miwili tu ilikuwa imepita, na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza habari za Ukara. Usiku ule nililala nimeamua: nitaandika habari, na nitaandika majina. Leo mhariri wangu hukereka nikichelewesha habari ya ajali kwa sababu nataka orodha. Anadhani mimi ni mzembe. Sijawahi kumweleza.

Juni 19, 2025 Rais Samia alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo mpaka Busisi. Kilometa 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, jiwe la msingi likiwa limewekwa Desemba 2019 na Magufuli mwenyewe, ambaye hakuishi kuliona likikamilika. Maji yaliyokuwa yanakula saa mbili au tatu za baba yangu sasa unayavuka kwa dakika nne au tano. Niseme ukweli, mara ya kwanza kulivuka nilipata machozi ya kipuuzi. Vijana tulishazoea kujivunia mawe tuliyoyakuta, hatukuyaweka sisi. Hili limejengwa mbele ya macho yetu.

Baba amezeeka lakini biashara hajaacha. Ana simu janja, ana M-Pesa, ana bando. Akifika Busisi bado anabip mara moja. Akifika Kigongo anabip mara mbili. Bip zinafuatana karibu kugongana, na mama hana tena hata muda wa kubandika maji. Tukamwambia mzee acha mambo ya kale, mtumie ujumbe. Akatutazama kama watu tusiojua kusoma.

Na mimi nimeadhibiwa. Hivi majuzi nilikuwa Geita kikazi, nikarudi jioni, nikavuka daraja nikiwa napiga picha za machweo kama mtalii, nikafika Usagara giza limeingia. Mama alikuwa amesimama barabarani. Na kanga.

"Mwangaluka mayu," nikamtania, maana ilikuwa usiku na hiyo ni salamu ya asubuhi.

Hakucheka. "Mbona hujabip?"

"Mama, kuna daraja siku hizi."

"Daraja nimelisikia," akasema. "Wewe sijakusikia."

Nikatoa simu mfukoni, nikabip mara mbili nikiwa nimesimama mbele yake. Ikalia ndani ya kanga. Hakuitazama. Aligeuka akatangulia kwenda nyumbani kubandika ugali.

Wenzangu mliokulia ng'ambo ya maji, milima au pori lolote lile, kwenu mlikuwa mnabip mara ngapi?