Sumukuvu: neno la ini linalosahau figo

Sumu ya panya humuua panya. Sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Kiunganishi ni kilekile, na msikilizaji ndiye anayejua nani anaua na nani anauawa. Ndiyo maana neno sumukuvu humbabaisha anayelikuta kwa mara ya kwanza: ni kitu cha kuulia kuvu? La, hicho ni kiuakuvu, kinauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu yenyewe ndani ya mahindi, karanga au mtama.

Kwa nini kuvu, wala si ukungu au fangasi? Ukungu ndilo neno la jikoni, mkate umeota ukungu, lakini ndilo pia la asubuhi ya Lushoto, milima isipoonekana. Fangasi nalo limeshatekwa na zahanati. Mwambie mtu ana fangasi, atatazama vidole vyake vya miguu. Na hapo pana tofauti kubwa kuliko ya kamusi. Fangasi wa vidoleni ni kiambukizi: anaishi kwenye mwili wa mtu, anahamia kwa mwingine. Kuvu ya mahindi kwa kawaida haimwambukizi mlaji. Yaweza kuwa imekufa zamani, isionekane hata chembe, na sumu yake ikabaki kwenye unga. Moto unaoua vimelea vya kipindupindu hauondoi aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, kwenye ugali. Kwa hiyo anayeuliza kama kuna viambukizi vya chakula viletavyo saratani ya figo, kwanza arekebishiwe neno, ndipo ajibiwe.

Sumukuvu lilipata umaarufu kupitia aflatoksini. Jina hilo la kigeni lilizaliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Limeungwa kutoka Aspergillus flavus na neno la sumu. Kwetu lilikuja na misiba. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Aflatoksini hushambulia ini, na saratani yake ni ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Tangu hapo, ukisema sumukuvu, wengi husikia aflatoksini, na wakisikia aflatoksini hufikiria ini.

Hapo ndipo ninapogombana na matumizi yetu. Kuvu zina sumu nyingi, na kila moja ina kiungo chake. Okratoksini A, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1965, hulenga figo. Hupatikana kwenye nafaka, kahawa na zabibu kavu, na ikishaingia mwilini hung'ang'ania protini za damu, haitoki upesi. Nguruwe wa Denmark waliolishwa shayiri yenye kuvu waliharibika figo. Panya wa maabara walipata uvimbe wa saratani kwenye figo, madume zaidi ya majike. Kwa binadamu ushahidi haujatosha, na mwaka 1993 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kundi la 2B. Mfasiri awe mwangalifu na kundi hilo: la 2B ni "huenda", la 2A ni "yaelekea". Nimeona yote mawili yakiandikwa "inasababisha", na msomaji akakosa usingizi bure.

Kisa cha kuvutia zaidi kiko Balkani. Katika vijiji vya kando ya mito inayomwaga maji Danube, huko Serbia, Bulgaria, Romania, Kroatia na Bosnia, wakulima walikuwa wakipata ugonjwa wa figo unaofuata nyumba kwa nyumba, na wengi wao baadaye saratani ya njia ya mkojo, pale inapoanzia kwenye figo. Wapo waliodhani ni kiambukizi. Kwa miaka mingi okratoksini ilikuwa mshukiwa mkuu. Kisha ushahidi ukaelekea kwingine: gugu Aristolochia clematitis, linaloota ndani ya mashamba ya ngano, mbegu zake zikavunwa na kusagwa pamoja na unga wa mkate. Asidi iliyomo huacha alama ya pekee kwenye vinasaba vya uvimbe, na alama hiyo ilionekana kwa wagonjwa.

Ningependa sumukuvu libaki jina la ukoo mzima, na wanaukoo waitwe kwa majina yao: aflatoksini, okratoksini, fumonisini. Lakini ile ya Balkani haimo hata kwenye ukoo. Haikutoka kwenye kuvu. Tuiite sumu ya magugu? Jaribu kuiulizia dukani kwa jina hilo. Utapewa chupa ya lita moja na maelezo ya namna ya kunyunyizia.