Buru, Sayari Ambayo Hakuna Aliyeiona

Iko sayari inayoitwa Buru, na nyota inayoizunguka inaitwa Kalausi. Ukiwa mtu wa Karungu, Mbita au Kendu Bay huhitaji kamusi. Buru ni vumbi. Kalausi ni ule upepo wa kiangazi unaojisokota kama kamba na kubeba vumbi, majani makavu na nguo za watu zilizoanikwa. Pwani wanauita chamchela.

Majina hayo ya Kijaluo yalitangazwa Desemba 2019. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikuwa unatimiza miaka 100, ukaamua kuzigawia nchi nyota, kila nchi na nyota yake yenye sayari, izipe majina. Nchi zaidi ya 100 zilishiriki. Kenya ilipata nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba tu, HD 83443, iliyo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 130, katika kundi la nyota liitwalo Vela, yaani matanga ya jahazi. Kwa macho matupu huioni, hata usiku wa giza totoro kule ziwani.

Na buru kwetu si uchafu wa kufagia tu. Mzee akifariki, wanaume hutoka na ng'ombe, mikuki na nyimbo kukifukuza kifo, na kazi hiyo inaitwa tero buru, kulipeleka vumbi. Jina lina uzito.

Mpwa wangu anayesoma Homa Bay aliposikia habari hii hakujali jina. Aliuliza, "Mjomba, kwani nani aliiona?"

Hakuna. Hilo ndilo swali lenyewe. Nyota hii ilichunguzwa na timu ya Geneva ya Michel Mayor, yule aliyepewa Nobeli na Didier Queloz Oktoba 2019, miezi miwili tu kabla ya Buru kupata jina. Walitumia darubini iliyoko La Silla, Chile, wakapima mwanga wa nyota. Sayari ikizunguka, inaivuta nyota yake kidogo huku na huku. Nyota ikija upande wetu, mwanga wake unasogea kuelekea bluu. Ikirudi nyuma, unasogea kuelekea nyekundu. Ni kama honi ya matatu inavyobadilika sauti gari likikupita pale Rongo. Mwanga wa Kalausi ulikuwa ukienda na kurudi kila siku tatu kasoro kidogo. Kwa hiyo mwaka mzima wa Buru hautoshi kufika siku tatu zetu, na uzito wake ni kama nusu ya Mshtarii, au pungufu ya hapo.

Agosti 2000, katika mkutano wa Manchester, timu hiyo ilitangaza kwamba sayari ni mbili. Ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, ikizunguka kwa siku kama 30. Ikapewa herufi c, ikaingia kwenye orodha. Kisha timu nyingine, ya Paul Butler na wenzake, ikaipima nyota ileile kwa darubini za Australia na Hawaii. Ile ya siku tatu wakaiona waziwazi. Ile ya siku 30, hakuna kitu. Walichapisha matokeo yao 2002, na timu ya Geneva yenyewe ilipoongeza vipimo haikuweza kuithibitisha. Sayari ikafutwa. Hakuna aliyeandamana.

Linganisha na Pluto! Tarehe 24 Agosti 2006, Prague, wanaastronomia wapatao 424 waliinua kadi za njano wakapiga kura. Mike Brown na wenzake walikuwa wametangaza Eris mwaka uliotangulia, na Eris ina uzito kuliko Pluto. Ama zote ziwe sayari, ama isiwe hata moja. Pendekezo la kwanza lingetupa sayari 12. Lililopita lilisema sayari lazima ilizunguke Jua, iwe na umbo la mviringo kwa uzito wake wenyewe, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ikashindwa sharti la tatu, ikawa sayari kibete. Sisi tuliokariri tisa tukaambiwa ni nane. Si mara ya kwanza: Ceres, iliyogunduliwa 1801, ilihesabiwa sayari kwa miongo kadhaa, mpaka ndogo za aina yake zilipozidi na zote zikaondolewa.

Sasa tazama neno moja katika azimio lile: Jua. Buru hailizunguki Jua. Kwa maneno ya Prague, Buru haimo hata kidogo. Sayari za nyota nyingine zina kanuni yake ya muda, iliyoandikwa kabla: uzito usifike kiasi cha kuchoma deuteri, takriban Mshtarii 13. Buru inapita hapo bila taabu.

Mimi kura ya Prague hainisumbui, maana Pluto haikubadilika hata punje. Watu walikuwa wanapanga kabati. Lakini nikiwa na nusu saa tu ya kukaa na watoto wa shule kule Migori, nitawapa hadithi ya ile sayari ya siku 30. Pale swali halikuwa iitweje, lilikuwa ipo au haipo, na aliyelijibu ni mtu mwingine aliyerudia kipimo. Mwalimu anayetaka jibu moja la mtihani atanichukia, basi.

Isitoshe, mwaka 2022 watafiti waliochambua vipimo vya miaka mingi walitangaza kwamba Kalausi ina sayari nyingine, nzito kuliko Mshtarii, kwenye njia iliyorefuka sana, inayochukua miaka kama 22 kuzunguka mara moja. Imepewa herufi ileile, c. Jina la Kijaluo bado haina. Itakapomaliza mzunguko mmoja, Buru itakuwa imezunguka zaidi ya mara 2,600.