Pai ya Mabinti wa Tatin

Wapishi wa Ufaransa hupenda kusimulia kwamba pai yao mashuhuri ya matufaha ilizaliwa kwa ajali. Siku moja ya msimu wa uwindaji, hoteli ikiwa imefurika wageni, Stéphanie Tatin, aliyeiendesha pamoja na mdogo wake Caroline, alisahau kutandika unga chini ya matunda. Wengine husema aliyaacha matufaha yakaanza kuungua ndani ya siagi na sukari, akayafunika kwa unga ili kuokoa jahazi. Wengine tena huapa kwamba alidondosha pai nzima sakafuni, akaiokota ikiwa imepinduka. Kisa kimoja kikishakuwa na namna tatu za kutokea, msikilizaji ana haki ya kuzitilia shaka zote.

Mpishi mkuu Antonin Carême, aliyefariki 1833, alikwisha kuandika habari za keki za kupinduliwa zenye matufaha yaliyokolezwa sukari, na Stéphanie hakuzaliwa hadi 1838. Katika nchi ya Sologne alikokulia, pai ya matunda chini na unga juu huhesabiwa kuwa chakula cha wenyeji tangu zamani. Kwa hiyo bibi huyu hakubuni kitu. Aliipika pai ya kwao kwa ustadi, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo watu wenye fedha walikuwa wakipita. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko ajali yoyote.

Mahali penyewe ni Lamotte-Beuvron, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 160 kusini mwa Paris. Sologne ilikuwa nchi ya vinamasi na ardhi hafifu ya mchanga, na malaria iliwatesa watu wake vizazi na vizazi. Mambo mawili yaliibadili. Reli iliyotoka Orléans kuelekea Vierzon ilipita hapo mwaka 1847. Miaka michache baadaye Napoleon III, ambaye jamaa zake upande wa mama walikuwa na asili huko, alinunua mashamba katika eneo hilo na kuhimiza kazi ya kukausha vinamasi na kupanda misonobari. Misitu ikaja na wanyama, wanyama wakaja na wawindaji, na reli ikawaleta matajiri wa Paris pamoja na bunduki na mbwa wao. Hoteli ya akina Tatin ilitazamana na stesheni. Mtu akishuka kwenye garimoshi na njaa yake, hakuhitaji kuuliza njia.

Kina dada hao wawili hawakuolewa, ndiyo maana wateja waliwaita mabinti wa Tatin hata walipokuwa watu wazima. Caroline, mdogo, aliyezaliwa 1847, alipokea wageni na kushika hesabu. Stéphanie alikaa jikoni.

Jiko nalo lina sehemu yake katika historia hii, na nashangaa kwamba wasimulizi wengi hulipita haraka. Jiko la vigae vya buluu linalohusishwa na mabinti hao limehifadhiwa hotelini hadi leo. Katika majiko ya namna hiyo, keki na pai ziliweza kuokwa bila oveni: chombo kiliwekwa juu ya moto, kikafunikwa kwa mfuniko wa chuma au shaba, na makaa yakapangwa juu ya mfuniko. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Ni kule kupalia makaa anakokujua kwa mkate wa kumimina. Moto wa namna hiyo huanza na nguvu upande wa chini, na unga mbichi uliotandikwa hapo ungeungua kabla tufaha halijalainika. Ukiyatanguliza matunda pamoja na siagi na sukari, moto wa chini hufanya kazi yake ya kukausha maji na kuigeuza sukari kuwa shira ya kahawia, kisha moto wa juu humalizia unga. Naona jiko lenyewe linaeleza umbo la pai hii vizuri kuliko kusahau kwa mpishi.

Sukari pia haikuja hivihivi. Katika karne ya 18 Ufaransa ilikula sukari iliyotoka zaidi Saint-Domingue, Haiti ya leo, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Watumwa hao walipoinuka mwaka 1791, na baadaye Waingereza walipofunga njia za bahari, Wafaransa wakaanza kutafuta sukari katika kiazisukari cha mashamba yao wenyewe. Mwaka 1812 Napoleon wa kwanza alimtunukia nishani Benjamin Delessert kwa mafanikio yake katika kazi hiyo. Pwani yetu nayo imo humo. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na katika karne ya 19 watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliolima miwa ya kisiwa cha Réunion kwa ajili ya soko la Ufaransa. Kiazisukari kiliendelea kuenea, bei ikashuka, na kufikia wakati wa mabinti wa Tatin hata hoteli ya mji mdogo iliweza kumwaga sukari sufuriani bila kuhesabu chembe.

Mabinti hao walistaafu mwaka 1906. Caroline alifariki 1911 na Stéphanie 1917. Umaarufu wa kitaifa ulikuja baada yao, kupitia kalamu ya Curnonsky, mwandishi wa mapishi aliyeogopwa na kubembelezwa na wenye mikahawa. Mwaka 1926, yeye na Marcel Rouff waliitaja pai hiyo katika mfululizo wa vitabu vyao kuhusu vyakula vya mikoa ya Ufaransa. Baadaye mkahawa wa Maxim's wa Paris ukaiweka mezani, na Louis Vaudable, mwenye mkahawa huo, akasimulia jinsi alivyoionja kwa mabinti hao na kujifanya mtunza bustani ili aibe siri yao. Kisa kitamu, ila Vaudable alizaliwa 1902. Walipostaafu alikuwa mtoto wa miaka minne.

Anayetaka kuipika nyumbani asitishwe na jina. Kwa kikaango kizito cha sentimita 24 kinachovumilia moto, chukua matufaha kilo moja na nusu, sukari gramu 150 na siagi gramu 100. Menya matufaha, yakate robo, toa kokwa. Chagua yenye ukali kidogo na nyama ngumu. Yale ya kijani ya Granny Smith yanayoletwa kutoka Afrika Kusini yanafaa, ila mekundu laini ya kutafuna njiani hugeuka uji. Yeyusha siagi na sukari, pachika vipande vikiwa vimebanana kabisa maana vitasinyaa, kisha uache moto wa wastani hadi shira iwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Usikoroge. Rangi ya njano ni dalili kwamba umeharakisha, nyeusi ni uchungu mtupu.

Funika kwa unga wa gramu 200 uliokandwa na siagi gramu 100, chumvi kidogo na maji baridi ya kushikisha tu, ukausukuma mwembamba na kuingiza kingo zake ndani. Oveni ya nyuzi 200 itaumaliza kwa nusu saa. Asiye na oveni apalie makaa. Ukishaiva, ngoja dakika kumi ili shira ishike, weka sahani juu, pindua mara moja bila kusitasita, na uangalie mikono, kwa sababu shira huchoma kuliko maji ya moto. Kipande kikibaki kikaangoni, kibandue ukirudishe mahali pake. Mikahawa ya Paris huongeza malai pembeni. Binafsi naona inazima ukali wa tufaha.