Swichi iliyozimwa Nairobi: ugomvi wa enzi za modemu

Septemba 30, 2025, kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, baada ya zaidi ya miaka 30. Hapa Kenya huduma ya aina hiyo ilififia bila hata kuagwa. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu ndiyo iliyotuingiza mtandaoni, na walioijenga walilazimika kupigania haki ya kuiendesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za mashirika zilikusanywa katika ofisi za shirika la mazingira la ELCI, Nairobi, kisha zikasafirishwa kwa simu hadi GreenNet ya London, ambako Karen Banks alisimamia mtambo wa kuzipokea. Mwaka 1995 kituo cha ARCC, chini ya Shem Ochuodho aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, kikaleta intaneti kamili. Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya waliosomea Marekani, ikaingia sokoni. Mwaka 1998 shirika la posta na simu likazindua Jambonet, njia kuu ya intaneti ya kuunganisha nchi na nje.

Kazi ya fundi aliyekwenda kuunganisha ofisi haisimuliwi sana. Alichomeka waya wa simu ya mezani kwenye modemu, akaiunganisha modemu na ruta, kisha akaandika amri: herufi ATDT na nambari ya mtoa huduma, halafu jina la mteja na nywila. Modemu ikapiga, upande wa pili ukapokea, na ule mlio wa kukwaruza ukasikika huku mashine mbili zikitafuta kasi ya kuelewana. Laini ikiwa safi, zilifika kilobiti 33.6 kwa sekunde au zaidi. Waya ukiwa umeingia maji, kasi ilianguka au simu ikakatika. Seva ya mtoa huduma ikishakubali nywila, iliipa ruta anwani moja, na kompyuta zote za ofisi zikaitumia kwa pamoja.

Ufundi wenyewe ulikuwa katika kukata simu. Ruta hupiga yenyewe kompyuta yoyote inapotaka kutoka nje, na hukata baada ya dakika kadhaa za kimya. Fundi asipochuja yanayoruhusiwa kuiamsha, kompyuta iliyoachwa ikiwaka hutafuta anwani fulani saa nane za usiku, ruta ikapiga, ikakata, ikapiga tena hadi alfajiri. Kila simu ililipiwa.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa juu ya mtoa huduma. Barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, kama wateja hao walikuwa na watoa huduma tofauti, ilipanda hadi kwenye satelaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, kisha ikarudi kwa safari ndefu kama hiyo. Njia ya kimataifa ilikuwa ya Telkom Kenya peke yake, kampuni iliyorithi huduma za simu za lile shirika la posta na simu.

Watoa huduma, kupitia chama chao cha TESPOK, wakaamua kukutana mjini. Mwishoni mwa Novemba 2000 walizindua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Simulizi waliyoiacha wao wenyewe, akiwemo Brian Longwe aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wake, inaonyesha mabadiliko yalivyokuwa ya ghafla: muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 ukawa 60 hadi 80.

Furaha hiyo haikufika Krismasi. Telkom ililalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, na ndani ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni. Watoa huduma walijibu kwamba data ya Nairobi kwenda Nairobi haigusi mpaka wa nchi, na kwamba mawasiliano yote ya nje yangeendelea kupita kwa Telkom. Hoja hiyo ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Lakini data ya ndani ikibaki ndani, laini za kimataifa zinazokodishwa hupungua, na hapo ndipo Telkom ilipoona mapato yake yakitishiwa. Karibu mwaka mzima ulipita katika malalamiko hadharani, vitisho vya kwenda mahakamani na mazungumzo ya faragha. Leseni ilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena ikiwa na watoa huduma watano.

Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na simu za mkononi zikamaliza zama za modemu.

KIXP ingali inafanya kazi. Vijana wetu wanaojifunza mitandao vyuoni wanapaswa kufundishwa habari zake kwa jina, pamoja na makosa ya waliotaka kuifunga. Nyaraka za ugomvi ule na modemu chache zilizonusurika zikusanywe sasa na kutunzwa mahali pa umma, wakati waliozitumia wangali hai na wanaweza kueleza kila kitufe kilifanya nini.