Bogotá Hawakungoja Meya

Manze, ukiamka Bogotá, kule Kolombia, Jumapili saa moja asubuhi, utapata barabara kubwa zimefungwa. Hakuna gari. Kuna baiskeli, kuna wasee wanakimbia, kuna wazee na mbwa wao, watoto wanajifunza kupiga pedali katikati ya lami. Hivyo mpaka saa nane mchana. Zaidi ya kilomita 120, kila Jumapili na kila sikukuu. Wanaiita Ciclovía.

Watu wakisimulia hii stori huanza na serikali, ati kuna meya mmoja mwenye maono. Zii. Ilianza na maandamano.

Jaime Ortiz Mariño alikuwa amesomea Marekani. Kurudi nyumbani, akapata mji wake unaiga kule alikotoka: barabara zinapanuliwa, magari yanapewa kila kitu, na wewe wa miguu jipange. Yeye na wenzake wapenda baiskeli wakaitisha mkutano. Tarehe 15 Desemba 1974, Carrera Séptima na Carrera 13, barabara za katikati ya mji, zikafungwa kwa masaa machache. Watu zaidi ya 5,000 wakatokea. Na hakukuwa na simu za kusambaziana posta, kumbuka.

Meya alikuja baadaye. Mwaka wa 1976 Luis Prieto Ocampo akatia sahihi ikawa rasmi. Miaka ya themanini ikapanuliwa, halafu ikadorora, hadi miaka ya tisini idara ya michezo ya mji, chini ya Gil Peñalosa, ilipoipa nguvu tena. Wakaongeza hata densi za mazoezi kwa bustani, bure.

Kitu kinanibamba zaidi ni nani husimama kwa makutano kuzuia magari. Ni vijana wa rika letu wamevaa sare, pamoja na wanafunzi wa sekondari wanaotimiza masaa yao ya kutumikia jamii. Kando ya njia kuna wa kujaza upepo na wa kuuza juisi. Njia yenyewe inatoka mitaa ya mabwenyenye kaskazini hadi kusini kwa wenye hawana, na siku hiyo wote wako kwa lami moja.

Sasa sisi. Mwaka wa 2019 serikali ilitangaza siku za bila magari katikati ya Nairobi, Jumatano na Jumamosi. Jumatano, jameni! Mama ametoka Kayole na mzigo, ati atembee aingie tao kazini. Mpango ukaahirishwa kabla hata haujaanza. Kigali nao walichagua Jumapili asubuhi, kuanzia 2016, na wanaendelea.

Mimi niko na baiskeli ya mtumba na hupita Jogoo Road roho mkononi. Tukifungiwa moja tu, Jumapili, masaa matatu, mimi nachagua hiyo. Wewe je?